Gofu Lina Mwenyewe: Kuingia na Kamera Kwenye Viwanda na Majengo Yaliyoachwa

Kituo cha reli cha Michigan Central mjini Detroit kilifunguliwa mwaka 1913, na treni ya mwisho ikaondoka hapo Januari 1988. Kwa miaka 30 iliyofuata kilisimama bila kazi: mnara wa ofisi wenye madirisha yaliyovunjika, ukumbi wa abiria wenye matao marefu, maji ya mvua sakafuni, michoro ya rangi za kupuliza ukutani. Wapiga picha walimiminika humo, na picha zao zikawa ndiyo sura ya mji mzima kwa watu ambao hawakuwahi kuukanyaga. Aprili 2009 baraza la mji lilipiga kura kibomolewe. Hakikubomolewa. Mwaka 2018 kampuni ya Ford ilikinunua, ikakikarabati, na Juni 2024 kikafunguliwa upya. Habari za ununuzi zilipotoka tu, mtu asiyejitaja alipiga simu kwenye jumba la makumbusho akaeleza mahali alipoiacha saa kubwa ya kituo, iliyokuwa imepotea kwa zaidi ya miaka 20. Wakaikuta imeegemezwa kwenye jengo lililoungua.

Kituo hiki kinavuruga hadithi ambayo wapenzi wa magofu wanapenda kusimuliana: kwamba kuna mahali watu wameondoka, dunia imepasahau, na mwenye kamera anaingia kama mgunduzi. Muda wote huo kituo kilikuwa na mmiliki, kesi, majirani waliokitazama kila asubuhi, wezi wa shaba na watu waliojisitiri humo usiku. Karibu kila gofu liko hivyo. Mkanganyiko mwingi unaozunguka shughuli hii, wa sheria, wa usalama, wa maadili na hata wa picha zenyewe, unaanzia kwenye dhana moja: kwamba kilichoachwa hakina mtu.

Kwa nini halibomolewi?

Kiwanda kikifungwa, mashine zenye soko huuzwa kwanza. Hubaki majengo, mashimo, matangi na udongo uliokunywa mafuta na kemikali kwa miongo. Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Kubomoa ni ghali, na nchi nyingi zinamtwika mwenye ardhi gharama ya kuisafisha. Ukichimba tu, umefungua bili ambayo huenda ikazidi thamani ya kiwanja. Ni nafuu kuweka uzio, kumlipa mlinzi mmoja na kungoja.

Kuna majengo yanayokwama kwa sababu warithi wako mahakamani, au kampuni imefilisika na mali iko mikononi mwa mfilisi. Kuna yanayongojea bei ya ardhi ipande. Na kuna ujanja mmoja unaojulikana sana kwa wahifadhi: jengo limewekwa kwenye orodha ya urithi, mwenyewe hana ruhusa ya kulibomoa, basi analiacha paa livuje mpaka mvua imalize kazi aliyokatazwa kuifanya. Ukikuta jengo la kale lenye vigae vilivyotolewa sehemu moja tu ya paa, jiulize ni nani aliyepanda kuvitoa.

Sababu ya kuondoka huacha alama, na mpiga picha anayeijua huona zaidi ya anayekimbilia kutu. Kolmanskop, katika jangwa la Namibia, ulizaliwa mwaka 1908 baada ya mfanyakazi wa reli, Zacharias Lewala, kuokota almasi mchangani. Zilipogunduliwa almasi nyingi zaidi upande wa kusini, mji ukaanza kudhoofika taratibu, na wakazi wa mwisho wakaondoka mwaka 1956. Walikuwa na muda wa kufungasha. Ndiyo maana leo vyumba ni vitupu, na kilichojaa ni mchanga uliopenya milangoni. Pripyat, nchini Ukraine, ni kinyume chake. Mji ule uliojengwa kuanzia 1970 ulihamishwa alasiri moja, tarehe 27 Aprili 1986, siku moja baada ya mlipuko wa kinu cha nyuklia cha Chernobyl, na takriban watu 49,000 wakaambiwa kwamba wanaondoka kwa muda mfupi tu. Kisiwa cha Hashima, karibu na Nagasaki, kiko katikati ya miji hiyo miwili: mgodi wa makaa ya mawe ulifungwa Januari 1974, na kufikia Aprili kisiwa kilikuwa kitupu. Huko watu waliacha makabati na televisheni, kwa kuwa kila kitu kilipaswa kuvushwa kwa boti.

Mlango ulio wazi si ruhusa

Sheria hutofautiana kuliko wengi wanavyodhani. Uingereza, kuingia kwenye mali ya mtu bila ruhusa kwa kawaida ni suala la madai: mwenye mali anaweza kukutoa na kukushtaki kwa hasara. Ukivunja kufuli, ukichukua kitu au ukikanyaga eneo la reli, mambo yanageuka kuwa jinai. Ujerumani, kuingia eneo lililozungushiwa uzio ni kosa la jinai lenye adhabu ya faini au kifungo cha hadi mwaka mmoja, ingawa mashtaka hufunguliwa tu mwenye mali akilalamika. Paris kuna mamia ya kilomita za njia za machimbo chini ya ardhi, na umma umekatazwa kuingia tangu 1955, isipokuwa sehemu ndogo iliyotengwa kwa wageni.

Kinachofanana kote ni kwamba ubovu wa uzio haubadilishi umiliki. Tundu kwenye senyenge linaonyesha kwamba mtu alikata senyenge, basi. Wazoefu wengi wana msimamo wa kutovunja, kutochukua na kutoandika ukutani, na Jeff Chapman wa Toronto, aliyeanza kuchapa kijarida chake kuhusu uvumbuzi wa namna hii mwaka 1996, alichangia sana kuueneza. Msimamo huo ni mzuri, lakini ni adabu ya wageni kati yao wenyewe. Mwenye nyumba hajaulizwa.

Vinavyoua

Watu wanaoingia magofuni kwa mara ya kwanza huogopa walinzi, mbwa na majini. Wanaoumia kweli huumizwa na sakafu, hewa na vumbi.

Sakafu ya mbao huanza kuoza pale macho yasipofika, kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani, kwa sababu maji ya paa hushukia huko. Juu, ubao unaweza kuonekana mzima kabisa, hasa ukiwa umefunikwa na zulia au mpira. Ukiona kuvu au majani yameota sakafuni, maji yamekaa hapo miaka. Kanuni inayofaa kuliko zote ni ya uvivu: kabla ya kupanda ghorofani, itazame kwanza sakafu hiyo kutoka chini. Doa jeusi, boriti iliyopinda au vumbi la mbao lililomwagika vinakueleza yote bila wewe kuweka mguu.

Zege nalo hudanganya. Nondo zilizo ndani yake hukingwa na ualkali wa saruji, lakini kabonidioksidi ya hewani hupenya polepole na kuupunguza mwaka baada ya mwaka. Ulinzi ukiisha, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo zege hupasuliwa kutoka ndani. Karibu na bahari chumvi huharakisha kazi hiyo. Hashima ina jengo la makazi la zege lililojengwa mwaka 1916, miongoni mwa ya kwanza kabisa ya aina yake Japani, na wageni hawaruhusiwi kulikaribia kwa sababu hiyo hasa. Ukisimama chini ya dari la zege na kuona nondo nyekundu zimechungulia, angalia sakafuni: vipande vilivyoanguka jana viko hapo, na vya kesho viko juu ya kichwa chako.

Viwandani ongeza mashimo. Mashine zilizong'olewa ziliacha visima vya msingi, na mtu fulani alivifunika kwa plaiwudi miaka 20 iliyopita. Vingine vimejaa maji meusi yenye rangi ileile ya sakafu.

Hewa ni jambo ambalo hata wazoefu hulichukulia kwa wepesi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ndani ya tangi la chuma lililofungwa, kutu inayoendelea kuota hula oksijeni hiyo kimyakimya. Mwili wetu hauna kengele ya upungufu wa oksijeni. Hisia ya kukosa pumzi hutokana na kabonidioksidi kujaa, na humo haijajaa. Kwa hiyo mtu haoni dalili ya kusongwa. Anaanguka. Mwenzake anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Kwenye mitaro na mashimo ya majitaka kuna hidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza, na ubaya wake ni kwamba ikizidi hulemaza pua: harufu hupotea wakati sumu inaongezeka. Matangi, mitaro na migodi ya chini ni ya watu wenye mafunzo na kipima gesi. Hapo sioni nafasi ya mjadala.

Halafu kuna asbesto. Ilipendwa sana karne ya 20 kwa sababu haiungui: ilifungwa kwenye mabomba ya mvuke na matanuri, ikawekwa kwenye mabati ya saruji, mbao za dari na vigae vya sakafu. Uingereza haikuipiga marufuku kabisa hadi 1999. Ikiwa nzima haisumbui sana, ila kwenye gofu haiwi nzima. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, hukaa mapafuni, na saratani zake hujitokeza miaka 20 hadi 50 baadaye, ndiyo maana kijana aliyeingia mara kumi na kutoka mzima anaapa kwamba hakuna tatizo. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Inayohitajika ni ile ya daraja la FFP3 au yenye vichujio vya P100, inayobana uso pande zote, na ndevu hufungua mwanya. Nguo nazo zibaki nje ya nyumba. Wake wa wafanyakazi wa zamani waliugua kwa kufua tu ovaroli za waume zao.

Kisa cha kukumbuka kuliko vyote ni cha Goiânia, Brazili. Kliniki ya matibabu ya mionzi ilihamia jengo jingine, ikaacha nyuma mashine moja, na pande zilizovutana juu ya jengo na mali ziliishia mahakamani huku mashine ikikaa palepale. Tarehe 13 Septemba 1987 watu wawili waliokuwa wakitafuta vyuma chakavu waliingia, wakafungua kichwa cha mashine na kuondoka na kopo zito la chuma. Ndani yake mlikuwa na seziamu-137, kemikali yenye mionzi mikali, isiyozidi gramu 100. Mwenye duka la vyuma chakavu aliyelinunua aliona usiku kwamba unga wake unatoa mwanga wa buluu. Akauona ni ajabu ya kuwaonyesha watu. Ndugu na marafiki waligawiwa chembechembe, wengine wakajipaka mwilini. Watu 4 walikufa ndani ya wiki chache, 249 wakakutwa wamechafuliwa, na zaidi ya 112,000 wakapimwa, nyumba zikabomolewa na udongo kuchotwa. Wale wawili hawakuwa wapiga picha, lakini waliingia kwa dhana ileile: hapa hakuna mwenyewe, basi kilichobaki humu hakina maana kwa mtu.

Picha inasema nini

Tatizo la kwanza la kiufundi ni tofauti ya mwanga. Dirisha linawaka, kona ni giza totoro, na kamera haiwezi kubeba vyote kwa mpigo mmoja. Tiba ni stendi ya miguu mitatu, ISO ya chini (yaani wepesi mdogo wa kamera kunasa mwanga), muda wa sekunde kadhaa wa kupokea mwanga, na mara nyingine picha tatu au tano za viwango tofauti zinazounganishwa baadaye kwenye kompyuta. Kuunganisha kukizidi, kutu huanza kung'aa kama pipi, na chumba chenye huzuni kinageuka tangazo la biashara. Siku ya mawingu ni rafiki kuliko siku ya jua kali.

Bernd na Hilla Becher, mke na mume wa Ujerumani, waliijenga kazi yao ya maisha juu ya mawingu hayo. Kuanzia 1959 walipiga picha minara ya maji, matanuri ya chuma, matangi ya gesi na minara ya migodi kwa kamera kubwa za filamu, daima chini ya anga la kijivu, kitu kikitazamwa usawa na kukaa katikati, bila watu. Kisha walizipanga picha za aina moja katika safu, ili jicho lilinganishe. Mwaka 1990 walipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, katika fani ya uchongaji, jambo linalonifurahisha hadi leo. Mingi ya mitambo waliyoipiga haipo tena, na picha zao bado zinaonyesha jinsi ilivyofanya kazi.

Picha nyingi za magofu hazifanyi hivyo. Huchagua kwa kigezo cha uozo: kiti kimoja kilichopinduka, rangi iliyobanduka, mwanasesere. Kuhusu wanasesere wa Pripyat, wageni wamekuwa wakiwahamisha na kuwapanga kwa miaka mingi, wengine wakivishwa barakoa za gesi, kwa hiyo picha ya namna hiyo ni kumbukumbu ya mpiga picha aliyetangulia, si ya mwaka 1986. Mimi ningefuata njia ya malighafi: makaa yaliingia wapi, yalipandishwa na nini, moto ulikuwa wapi, moshi ulitokea wapi. Picha kumi za mfululizo huo hushinda mia za kutu.

Na watu? Sensa ya 2010 ilikuta Detroit ina wakazi zaidi ya 700,000. Katika picha zilizozunguka dunia miaka hiyo hawakuonekana. Wakazi walikasirika, na walikuwa na haki: kilichoonyeshwa kama mwisho wa dunia kilikuwa mtaa wao wa kwenda kazini. Camilo José Vergara, aliyerudi mitaa ileile ya miji ya Marekani kwa miongo kupiga picha kutoka mahali palepale, alipendekeza mwaka 1995 kwamba sehemu ya maghorofa matupu ya katikati ya Detroit ihifadhiwe kama magofu. Hata yeye, aliyeijua mitaa hiyo kuliko wageni wengi, alipokelewa kwa hasira na watu waliotaka kazi na nyumba.

Kisa cha Hashima ni kigumu zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wakorea na Wachina walilazimishwa kufanya kazi katika mgodi ule. Kisiwa kilipoingia orodha ya UNESCO mwaka 2015 pamoja na maeneo mengine ya viwanda vya Japani, serikali iliahidi kwamba historia hiyo itaelezwa, na mwaka 2021 Kamati ya Urithi wa Dunia ikaonyesha masikitiko makubwa kuhusu namna ahadi ilivyotekelezwa. Picha ya maghorofa yaliyopasuka katikati ya bahari haiwezi kusema lolote kati ya hayo. Maelezo ya chini yake yanaweza.

Siri, na jalada

Wapiga picha wengi hawatangazi mahali walipo, na hufuta alama za GPS ambazo simu huzificha ndani ya faili la picha. Wana sababu: jengo likijulikana, wezi wa shaba hufika, na baada yao wachomaji moto. Lakini picha isiyo na mahali wala tarehe haimfai mwanahistoria, na baada ya jengo kubomolewa haimfai mtu yeyote. Nionavyo, siri ni ya mtandaoni tu. Nyumbani, andika kila kitu: jina la kiwanda, tarehe, chumba, upande uliosimama, mashine ilifanya nini. Marekani imekuwa na mradi wa serikali wa namna hiyo tangu 1969, HAER, unaokusanya picha, michoro ya vipimo na historia za viwanda, madaraja na mitambo. Kumbukumbu zake ziko Maktaba ya Bunge na mtu yeyote anaweza kuzitazama bure.

Picha za wageni zimewahi pia kusaidia jengo lenyewe. Ukumbi wa Buzludzha, uliojengwa na chama cha kikomunisti cha Bulgaria kileleni mwa mlima na kufunguliwa 1981, uliachwa baada ya mabadiliko ya 1989. Walioingia kupitia matundu ndio walioufanya ujulikane nje ya nchi, na mwaka 2019 wakfu wa Getty ulitoa fedha za kuandaa mpango wa kuuhifadhi pamoja na michoro yake ya vigae. Bila shaka miongoni mwa walioingia walikuwemo pia waliobandua vigae hivyo.

Asiyetaka kuruka uzio ana mahali pa kuanzia. Kiwanda cha chuma cha Völklingen nchini Ujerumani kilizima matanuri mwaka 1986 na kuingia orodha ya UNESCO mwaka 1994. Unapita katikati ya mitambo yote kwa tiketi. Duisburg, kiwanda kilichofungwa 1985 kimekuwa bustani ya umma, ambapo unaweza kupanda tanuri usiku na wapiga mbizi hufanya mazoezi ndani ya tangi la gesi lililojazwa maji. Kolmanskop wana kibali maalumu cha wapiga picha wanaotaka kufika kabla jua halijachomoza. Hashima imepokea wageni tangu 2009, kwenye njia zilizotengwa tu.

Kwa kwingine kote kuna barua. Iwe fupi: wewe ni nani, unataka picha za nini, utaingia na wangapi, una bima, uko tayari kusaini hati ya kujibebea hatari na kuongozana na mlinzi, na utawapa nakala za picha zote. Usiandike kwamba unapenda uozo. Andika kwamba unataka kuhifadhi kumbukumbu ya kazi iliyofanyika pale, na watafute wazee waliowahi kuajiriwa hapo, maana mara nyingi wao ndio wanaomjua meneja wa sasa. Ukikataliwa, fuatilia matangazo ya vibali vya ubomoaji. Mamlaka nyingi hudai jengo la kihistoria lipigwe picha kabla halijaangushwa, na mwenye mali aliyekunyima funguo mwaka jana anaweza kuwa ndiye anayetafuta mpiga picha mwaka huu.